Maswali yenu: heshima, wivu na wanawake wa jukwaani

Wiki hii maswali mengi yameangukia kwenye tamthilia za zamani, nadhani mitihani imekaribia maana wengine mnaniuliza kama vile mnanitumia homuweki niwafanyie. Sawa tu. Nimechukua yale yanayogusana.

Shikamoo dada. Mwalimu anasema Othello alimuua Desdemona kwa wivu, rafiki yangu anasema ni heshima. Nani yuko sahihi?

Marahaba mdogo wangu. Wote wawili, ila mi niko zaidi kwa rafiki yako. Kwa asiyejua stori, kwenye tamthilia ya Shakespeare Othello ni jenerali mweusi anayeitumikia Venice, kaoa Desdemona, binti wa mkubwa, kwa siri, halafu Iago ambaye ni afisa wake anamjaza maneno kwamba mkeo anatembea na Cassio, msaidizi wako. Na ushahidi wenyewe ni leso. Leso jamani! Imetariziwa stroberi, Othello aliipata kwa mama yake akampa mkewe, ikadondoka, Emilia mke wa Iago akaiokota akampa mumewe, na Iago akaenda kuitupa chumbani kwa Cassio.

Sasa kuna sini moja watu wanaipita haraka. Othello anajibanza pembeni anamwangalia Cassio akiongea na Iago, maneno hayasikii vizuri, anachoona ni Cassio anacheka. Kumbe wanamwongelea mwanamke mwingine kabisa, Bianca. Yeye anajua anachekwa yeye, na wakishamaliza tu swali lake la kwanza ni atamuuaje Cassio, na Iago anamchochea hapohapo, anamuuliza kama ameona jamaa alivyokuwa anacheka. Wivu tu ungemfanya akamuulize Cassio uso kwa uso, si ni mtu wake wa karibu? Haulizi. Na mwisho kabisa, ukweli umeshatoka, anaomba aitwe muuaji mwenye heshima, eti hakufanya lolote kwa chuki, yote kwa heshima. Na huyo Iago aliyemuuzia hiyo heshima, Cassio alipofukuzwa kazi kwa ugomvi wa ulevi alimwambia jina zuri ni upuuzi, mtu analipata bila kustahili na kulipoteza bila kosa, halafu haupiti muda anamwambia Othello kwamba anayeniibia pochi kaniibia takataka ila anayeniibia jina kaniacha maskini. Mdomo ni uleule.

Mi ni baba wa watoto watatu. Nora anaacha watoto wake watatu anaondoka na nyie mnampigia makofi. Huyo ni mama kweli?

Kaka yangu, umeuliza kwa hasira lakini swali ni la haki, hata mwaka 1879 tamthilia yenyewe, Nyumba ya Mwanasesere ya Ibsen wa Norway, ilipotoka na kuchezwa Copenhagen watu waligombana kwa hilihili. Ila hebu tusome kwa mpangilio. Nora alikopa hela kwa siri ili mumewe Helmer mgonjwa apelekwe Italia apone, na akaghushi sahihi ya baba yake kwenye mkataba. Siku barua ya aliyemkopesha inafichua kila kitu, Helmer anakasirika, na ndani ya hasira zile anasema mambo mawili. Moja, mbele za watu tutaendelea kuishi kama mke na mume. Pili, watoto hutawalea tena wewe. Kwa hiyo aliyeanza kumtenganisha na watoto ni nani? Halafu inaingia barua ya pili inayorudisha mkataba, na huyu baba anapiga kelele kwamba ameokoka. AMEOKOKA yeye. Nora anauliza, na mimi? Ndo anakumbuka, aah na wewe pia bila shaka.

Mpaka hapo kosa la Nora halijabadilika hata kidogo, sahihi ni ileile ya kughushi, kilichobadilika ni kwamba watu hawatajua. Baadaye anajitetea kwamba hakuna mwanaume anayetoa heshima yake kwa ajili ya anayempenda, Nora anamjibu wanawake laki kwa laki wameshafanya hivyo. Mi hapo huwa naweka kitabu chini kidogo.

Ila hauko peke yako kaka. Mwaka 1880 huko Ujerumani mwigizaji mmoja maarufu aligoma kabisa kucheza mama anayeacha watoto, Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine ambapo Nora anapelekwa mpaka mlango wa chumba cha watoto akaishiwa nguvu, akabaki. Aliuandika mwenyewe na aliuchukia mwenyewe.

Ni kweli wahusika wa kike walikuwa wanachezwa na wanaume?

Ugiriki ndio, wanaume watupu na vinyago usoni. Uingereza walikuwa wavulana mpaka mwaka 1660. Hispania wanawake walikuwa wanapanda jukwaani tangu 1587, na hao Wahispania ndo walioandika tamthilia za heshima kali kuliko wote, sijui ukiziweka pamoja hizo mbili unapata nini.

Dada, kuna tamthilia ambayo mume anaua mke kwa heshima halafu hafanywi kitu?

Ipo, ya Calderón, Mhispania, ilichapishwa 1637, jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Tabibu wa Heshima Yake. Gutierre anakuta jambia la mtu nyumbani kwake, ni la Enrique ndugu wa mfalme, ambaye zamani alimpenda mkewe Mencía. Mencía hajafanya kitu. Lakini Gutierre anasema heshima yangu inaumwa na mimi ndo tabibu wake, usiku analeta mtu wa kutoa damu, kafungwa kitambaa machoni, anamlazimisha kumpasua Mencía mshipa aachwe hadi damu iishe, kesho ionekane bandeji ilifunguka tu kwa bahati mbaya. Yule mtoa damu wakati anatolewa nje anapapasa mlango, anaacha kiganja cha damu pale ili nyumba ijulikane.

Mfalme anakuja kujua. Na hukumu yake? Anamwamuru Gutierre amuoe Leonor, mwanamke aliyewahi kumwacha kwa kumshuku hivihivi. Gutierre anamwonya bibi harusi kwamba mkono huu umeoga damu, Leonor anasema haimtishi. Wasomi wanabishana mpaka leo kama Calderón alikuwa anasifia au analaani. Mi naona mtu anayesifia haachi kile kiganja mlangoni.

Kwa hiyo heshima ni ugonjwa wa wanaume tu?

Wapi! Msome Medea wa Euripides, mwaka 431 KK. Jason kamwacha kaenda kuoa binti wa mfalme wa Korintho, na kinachomuunguza Medea, zaidi ya mapenzi, ni maadui kumcheka. Anasema bora asimame vitani na ngao mara tatu kuliko kuzaa mara moja, na ukimsikiliza unakubaliana naye, halafu anawaua watoto wake mwenyewe ili Jason aumie. Ni Othello aliyevaa gauni, tena yeye anaondoka salama kwenye gari la mungu Jua. Kwenye mashindano Athens, Euripides alishika nafasi ya tatu.

Na Lady Macbeth je?

Huyu naye ni wa Shakespeare, anamsukuma mumewe Macbeth amuue mfalme. Silaha yake ni moja, kumwambia mume wewe si mwanaume. Macbeth akajifunza, akaja kuitumia kwa wauaji aliowatuma kwa rafiki yake Banquo. Dawa yake iko kwa Macduff, adui wa Macbeth, anaambiwa mke na watoto wameuawa, jikaze kama mwanaume, anajibu nitajikaza, lakini lazima pia niumie kama mwanaume.

Nataka kusoma kwa Kiswahili, nianzie wapi?

Kwa Mwalimu Nyerere mpenzi, tafsiri zake za Shakespeare, Juliasi Kaizari halafu Mabepari wa Venisi. Ndani ya vyote viwili kuna Portia. Wa Venisi anavaa nguo za kiume, anaingia mahakamani na kuokoa rafiki wa mumewe, wanaume wote pale wamekwama. Wa Roma ni mke wa Brutus, anajijeruhi pajani mwenyewe athibitishe kwamba anaweza kutunza siri kama mwanaume. Na siri yenyewe akishaijua inamshinda kukaa nayo, anamfokea kijana mtumishi akimbie Bungeni haraka, kijana kasimama palepale anamuuliza, sasa mama, nikifika nifanye nini?