Maswali na majibu: mbegu za mshubiri ndani ya chungu cha kufinyanga

Nimefinyanga vyungu mwenyewe na kusia mbegu za mshubiri wa porini. Asubuhi nalowesha, jioni udongo umekauka kau. Nakosea wapi?

Anayekunywa maji ni chungu chako. Chungu kilichochomwa bila kupakwa rangi ya kung'aa kina vitundu visivyoonekana kwa macho, na kikiwa kikavu hufyonza unyevu kabla mbegu haijauonja. Sifa hiyohiyo itaufaa mshubiri ukishakua, kwani mizizi yake huoza ikikaa majini. Mbegu haijafika huko, bado inataka unyevu.

Kwa hiyo kabla ya kusia, tumbukiza chungu kitupu majini hadi viputo viishe. Kijaze mchanga wa chenga kubwa sehemu 2 na mboji iliyochekechwa sehemu 1. Tawanya mbegu juu, zifunike kwa changarawe nyembamba tu, kisha weka chungu kwenye sahani ya maji mpaka uso wa udongo ubadilike rangi. Ukimwagilia kwa juu, mbegu zitaelea zote upande mmoja. Kivike mfuko wa plastiki mweupe, ukiweke penye mwanga lakini si juani. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25, mbegu mpya huota kati ya wiki 1 na 4. Za mwaka juzi usizitegemee sana.

Miche iliota vizuri, sasa inasinyaa shinani na kulala.

Ni kinyausi, ugonjwa wa kuvu. Mfuko umekaa mno. Miche ikitokeza, anza kuufunua kidogo kila siku hadi uutoe kabisa. Uliolala hauamki, ng'oa pamoja na udongo wake.

Niweke kokoto chini ili maji yatoke?

Hapana, ingawa ushauri huu haufi. Maji hukwama pale udongo laini unapokutana na kokoto, na mizizi inapunguziwa nafasi. Kinachotakiwa ni tundu. Litoboe chungu kikiwa nusu mkavu, na lizidishe ukubwa kidogo, maana udongo hunywea ukikauka, na ukichomwa hunywea tena.

Mshubiri wangu huchanua kila mwaka lakini hautoi mbegu.

Uko peke yake, nadhani. Mishubiri mingi haikubali chavua yake yenyewe, wala ya machipukizi yake, kwa sababu hayo ni mmea uleule. Tafuta mwingine wa aina ileile, uliotokana na mbegu nyingine, uhamishe chavua kwa brashi laini. Nasisitiza aina ileile: mishubiri huzaana ovyo, na bustani yenye aina nyingi hukupa machotara. Wa porini usiung'oe. Isipokuwa Aloe vera, aina zote zimo katika orodha za CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini.

Matunda yakianza kugeuka kahawia, yafunge kwa kipande cha soksi ya nailoni. Mbegu zina mbawa, na tunda likishapasuka upepo huzibeba zote.