Jibu: Ofisi ya ghorofa 5 Mlandege na cheti cha jengo la kijani
Waalaykumu salaam ndugu yangu. Umeuliza kama ofisi yenu ya Mlandege, iliyochorwa vioo pande zote, inaweza kupata cheti cha jengo la kijani, yaani jengo lisilopoteza nishati na maji. Inaweza, lakini kwanza futeni kwenye mchoro ule ukuta wa vioo wa magharibi. Huo ndio utakaowaumiza. Jua la saa kumi linaingia limelala, linafika mpaka juu ya meza, na viyoyozi vitahangaika nalo hadi watu watoke kazini. Na umeme wetu wenyewe hapa Unguja unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, si wa kuupoteza hivyo! Upande mrefu wa jengo utazame kaskazini na kusini, madirisha yafunguke yapokee upepo, na kila dirisha liwe na kivuli kwa nje. Pazia la ndani halisaidii sana, joto limeshaingia.

Cheti chenyewe, angalieni EDGE, cheti cha majengo ya kijani cha IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia. Kinataka mpunguze angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya hewa ya kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi, mkilinganishwa na jengo la kawaida la aina hiyo. Programu ya kukokotoa ipo mtandaoni bure; mchoraji wenu aanze nayo kabla msingi haujachimbwa.

Na tangi la maji ya mvua msiliache, tafadhali.