Ukirithi mfumo wa SACCOS, anza na jedwali la watumiaji

Kazi nyingi ninazopata hapa Mbeya ni za kurithi. Kijana aliyeandika mfumo wa SACCOS au wa duka la pembejeo keshahamia Dar, simu hapokei, na meneja anataka ripoti ya mikopo itoke kesho asubuhi. Kabla sijaigusa hiyo ripoti, nafungua jedwali la watumiaji na kutazama safu ya maneno ya siri. Nakushauri nawe uanzie hapo.

Kwenye mfumo mmoja nilikuta kila mtu ana herufi 32. Hiyo ni MD5, njia ya zamani ya kuhashi, yaani kuligeuza neno la siri kuwa mstari wa herufi usiosomeka. Makarani kadhaa walikuwa na mstari ule ule: e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e. Hapo hapakuwa na cha kuvunja. Aliyezoea kazi hizi anautambua mstari huo kwa macho tu: ni 123456. Asiyeutambua akiuweka Google atajibiwa papo hapo.

Wengi tulifundishwa kwamba hashi hairudi nyuma, tukatulia. Ni kweli hairudi. Ila mwizi aliyelipata jedwali hana haja ya kuirudisha: anachukua orodha ya maneno ambayo watu hupenda kuyatumia, anayahashi yote, kisha analinganisha. Na watu wetu tunawajua. Simba, Yanga, jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Wanaojiona wajanja huweka namba ya simu. Sasa piga hesabu. Namba zote za Tanzania zinazoanza na 06 na 07 haziwezi kuzidi milioni 200, wakati kadi moja nzuri ya michoro, hizi za kuchezea gemu, hukokotoa MD5 mabilioni kwa sekunde. Namba za nchi nzima zinaisha kabla hujamaliza kupiga chafya.

Chumvi ndiyo inayomvurugia mwizi hesabu hiyo. Ni baiti chache za nasibu zinazochanganywa na neno la siri kabla ya kulihashi, na kila mtumiaji ana zake. Makarani wote wenye 123456 wanakuwa na mistari isiyofanana, na ile orodha aliyoihashi mwizi mapema haimfai tena; itabidi aanze upya kwa kila mtu. Wala si jambo la jana. Robert Morris na Ken Thompson waliieleza mwaka 1979 walipoandika kuhusu maneno ya siri ya Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, chumvi yao ikiwa na biti 12, yaani michanganyiko 4,096 tu. Bcrypt, njia ya kuhashi maneno ya siri iliyotoka mwaka 1999, inatumia biti 128. Pamoja na hayo, mwaka 2012 hashi za LinkedIn zipatazo milioni 6.5 zilianikwa mtandaoni, zote za SHA-1, njia nyingine ya kuhashi, bila chumvi.

Vijana wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo huniuliza chumvi waifiche wapi. Haifichwi. Inakaa kwenye mstari ule ule na hashi, kwa sababu kazi yake ni kutofautisha mtu na mtu, si kuwa siri. Kinachonikera ni chumvi moja kwa mfumo mzima, imeandikwa kwenye faili la mipangilio, pengine ni jina la SACCOS yenyewe. Hiyo haitenganishi mtu na mtu: makarani wa 123456 watabaki na mstari mmoja, na mwizi akishalipata faili hilo anatengeneza orodha moja inayowamaliza wote. Wengine hutumia jina la mtumiaji. Afadhali kidogo, lakini kila mfumo una “admin”, na mwizi anaweza kumwandalia orodha mapema.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi: usitengeneze chumvi mwenyewe. Iachie maktaba. Mifumo mingi midogo huku kwetu imeandikwa kwa lugha ya PHP, na PHP imekuwa na password_hash tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013. Unaipa neno la siri, inachota chumvi ya nasibu yenyewe na kukurudishia mstari mmoja wa herufi 60 unaoanza na $2y$. Ndani yake kuna aina ya hashi, gharama (yaani uzito wa kazi ya kuhashi), chumvi ya herufi 22, kisha hashi yenyewe herufi 31. Zamani ungeweza kuipa chumvi yako. Toleo la 7.0 likaanza kukemea, la 8.0 likawa linaipuuza kabisa. Wanaotumia viunzi vya kujengea mifumo kama Laravel au Django wanafanyiwa haya bila hata kuomba.

Mambo mawili huwakwamisha watu. La kwanza, safu ya jedwali ikiwa fupi, tuseme herufi 50, mstari unakatwa na hakuna atakayeingia tena. Weka 255. La pili, usihashi upya neno alilolileta mtu ukalinganisha na lililohifadhiwa; chumvi mpya itatoa mstari mpya kila mara. Tumia password_verify, yenyewe inaisoma chumvi ya zamani pale ilipo.

Gharama nayo usiipuuze, maana chumvi peke yake haimchelewishi mwizi anayemlenga mtu mmoja. Ukiongeza gharama ya bcrypt kwa 1, kazi inakuwa mara mbili. Ipime kwenye seva utakayoitumia, si kwenye laptopu yako. Mimi huongeza hadi kuingia mara moja kuchukue kama robo sekunde. Ukianza mradi mpya na seva inaruhusu, chukua Argon2id, mojawapo ya aina za Argon2. Argon2 ndiyo iliyoshinda shindano la hashi za maneno ya siri mwaka 2015, na inakula kumbukumbu ya kutosha kumpa tabu mwenye kadi za michoro.

Na ule mfumo wa MD5? Huwezi kuwaita wanachama wote waje ofisini kubadili maneno ya siri wakati watu wako shambani wanapanda viazi. Chukua kila mstari wa MD5 kama ulivyo, uhashi kwa bcrypt, kisha futa ule wa zamani usiku huo huo. Mtu akiingia, pitisha neno lake kwenye MD5 kwanza, lihakiki, halafu mhifadhie bcrypt safi ya neno lenyewe. Weka safu ndogo ya kuonyesha nani keshahamishwa. Meneja akilalamika kwamba unapoteza muda kwa kitu asichokiona, mtajie Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwangu hiyo hufanya kazi kuliko maelezo yoyote ya hisabati.

Yote hayo hayaiokoi PIN ya tarakimu 4. Ziko 10,000 tu. Hata kila jaribio likila robo sekunde, PIN zote zinakwisha kwa dakika 42. Kwenye skrini ya kuingilia, funga akaunti baada ya majaribio machache. Ila kufuli hilo halifiki kwenye nakala ya databezi iliyo ndani ya flashi ya mhasibu, kwa hiyo nakala hizo zisimbe, yaani zigeuze zisisomeke bila ufunguo, kabla hazijatoka ofisini, na makarani wenye ruhusa ya kuidhinisha mikopo wasitumie PIN kabisa.