Roboti ya kufagia inarudi nyuma na kunyamaza: usikimbilie kununua betri

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naishi Iyumbu hapa Dodoma. Mwaka juzi mdogo wangu aliniletea kutoka Dubai roboti ya kufagia, na ilifanya kazi vizuri hadi mwezi Agosti. Sasa inafagia dakika tatu au nne, inarudi nyuma, inajizungusha palepale kisha inanyamaza. Siku nyingine naikuta asubuhi imekaa kwenye kituo chake cha kuchajia lakini haina chaji kabisa. Fundi mmoja wa mjini, bila kuifungua, aliniambia betri imekufa, na betri mpya anaiuza karibu nusu ya bei ya mashine yenyewe. Je, nimlipe?

JIBU: Salama, mama, na pole kwa usumbufu. Usimlipe kwanza. Ulichoeleza ni dalili mbili ambazo huenda hazina uhusiano wowote, na betri mbovu haielezi vizuri ile ya kwanza, kwa sababu mashine iliyoishiwa nguvu kwa kawaida hupunguza mwendo, hujaribu kurudi kituoni au huzima tu. Haina sababu ya kurudi nyuma na kujizungusha kana kwamba imeona shimo.

Nami nadhani ndivyo inavyofikiri: kwamba imeona shimo. Ukiigeuza mashine yako chali utaona, karibu na ukingo wa mbele, vidirisha vidogo vyeusi, aghalabu vitatu hadi sita kutegemea muundo wake. Kila kimoja kina taa inayotoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, na pembeni yake kipokezi kinachosubiri mwanga huo udunde sakafuni na kurudi. Usiporudi, mashine huamua kwamba imefika ukingo wa ngazi, basi inajivuta nyuma ili isianguke. Sasa mimi na wewe tunalijua vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi, lile jekundu, laini kama unga, linalopita hata chini ya mlango uliofungwa. Likitanda juu ya vidirisha hivyo, roboti huona korongo kila inapogeuka. Zulia jeusi nalo huleta matokeo hayohayo kwa kuwa linaumeza mwanga, kwa hiyo chunguza kwanza kama inagoma mahali pamoja tu au nyumba nzima.

Zima swichi, iweke chali juu ya taulo, kisha pangusa kila kidirisha kwa pamba kavu ya masikioni. Uchafu ukikataa kutoka, ilowanishe pamba kidogo kwa spiriti, halafu usubiri ikauke. Naomba usitumie kitambaa cha jikoni kilicholowa maji, maana vumbi letu likipata unyevu hugeuka tope jembamba ambalo likikauka huwa utando mgumu kuliko ule wa mwanzo. Ukiwa hapohapo, bonyeza bampa ya mbele kulia, kushoto na katikati. Inapaswa kuingia na kurudi yenyewe kila upande. Punje moja ya mchanga ikiikwamisha, mashine huamini kwamba imegonga ukuta muda wote, na kuzunguka palepale ndiyo tabia yake.

Kisha kagua magurudumu na brashi. Nyumba yenye mabinti wanaosuka ina adui ambaye kitabu cha maelekezo kutoka kiwandani hakimtaji, nayo ni rasta. Hivi karibuni nilichomoa gurudumu dogo la mbele la mashine ya mteja anayesuka watu nyumbani kwake. Kwenye ekseli nyuzi za rasta zilikuwa zimejiviringa, zikayeyuka kwa joto la msuguano na kuwa pete nyeusi ngumu, ikabidi niikate kwa wembe taratibu nisije nikaikwaruza ekseli. Gurudumu hilo kwa kawaida huchomoka kwa kulivuta kwa mkono au kwa kulinyanyua kidogo kwa bisibisi bapa. Brashi kubwa ya katikati itoe nzima na uvue vifuniko vya ncha zake, kwa sababu nywele nyingi hujificha humo. Mota inayolazimika kuzungusha brashi iliyofungwa hivyo huvuta umeme mwingi kupita kiasi, ndipo mashine hujizima ili isiungue, na betri huisha mapema. Hapo ndipo betri husingiziwa.

Nakiri kwamba nami niliwahi kuisingizia. Miaka ya mwanzo nilimuuzia mteja betri mpya, na baada ya wiki moja akarudi na tatizo lilelile; kumbe ubovu wote ulikuwa kwenye vibati vya kuchajia. Tangu siku hiyo sigusi betri kabla ya kupima.

Vibati hivyo ni viwili, vipo tumboni mwa mashine, na viwili vingine vipo kwenye kituo. Vikishika kutu au utando wa uchafu, mashine hukaa kituoni usiku kucha bila kupokea umeme. Visugue kwa ufutio wa penseli mpaka ving'ae, kisha uvipanguse kwa spiriti. Usivipige msasa, kwani utaondoa tabaka jembamba la metali la juu linalozuia kutu. Hakikisha pia kwamba kituo hakisogei mashine inapopanda. Kwenye marumaru zenye vumbi huteleza nyuma kidogo, na vibati visikutane.

Ikiwa bado haichaji, azima multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Pima plagi ya chaja yenyewe, ile inayoingia kwenye kituo, na ulinganishe na volti zilizoandikwa kwenye kibandiko chake. Usihukumu kwa kupima vibati vya kituo, kwa kuwa vituo vingi hutoa volti kidogo tu hadi vitambue kwamba mashine imekaa juu yake, na mafundi wengi wametupa vituo vizima kwa kosa hilo. Chaja ikiwa imekufa, mara nyingi chanzo ni umeme kurudi kwa kishindo baada ya kukatika, na chaja ni rahisi kuliko betri.

Betri ipimwe mwisho. Nyingi za mashine hizi zina seli nne za lithiamu zilizoungwa kwa mfululizo, kibandiko kikisomeka volti 14.4, nazo zikijaa hufika takribani 16.8. Ukipima baada ya chaji ya usiku mzima, kwa chaja uliyokwisha kuthibitisha kuwa nzima, ukapata chini ya 12 au sifuri kabisa, hapo fundi wako atakuwa amesema kweli, ingawa kwa kubahatisha. Ukiikuta imevimba, usiichaji tena na usikubali mtu yeyote aifungue abadilishe seli moja moja, kwa maana lithiamu ikipata shoti huwaka moto usiozimika kirahisi.

Chujio likung'ute nje kila baada ya kufagia mara mbili au tatu msimu huu. Lioshe pale tu maelekezo yake yanaporuhusu, na likauke kivulini siku nzima. Kituo nacho kiondoe dirishani ikiwa jua la mchana hukifikia, kwa sababu mashine hukitafuta kwa mwanga uleule wa infraredi, na jua letu huufunika. Na baraza la nje, mama, liachie fagio la chelewa: mchanga wa uani utaharibu gia za roboti hiyo ndani ya msimu mmoja.

Ukilazimika kwenda kwa fundi baada ya yote haya, beba mashine pamoja na kituo na chaja yake, na umwombe apime mbele yako.