Jina Ebedmeleki kwa mtoto wa kiume: maana, lilikotoka na sisi tuliompa mtoto tumeonaje

Mbukwenyi wadau. Dada uliyeuliza kuhusu jina Ebedmeleki, kwamba mzee wako kalipenda ila mama mkwe anasema ni gumu, halijulikani na isitoshe ni jina la towashi (mwanaume aliyehasiwa), mimi naitwa Baba Ebedi hapa mtaani, kijana wangu ana jina hilo hilo na yupo shule ya msingi hapa Dodoma, kwa hiyo hayo maswali yote nishaulizwa na ukoo mzima wa kwangu na wa mke wangu. Jibu fupi ni mpeni. Refu ndo hili.

Maana yake kwanza. Ni Kiebrania, maneno mawili yameunganishwa, ebed ni mtumishi (au mtumwa, ntarudi hapo) na melek ni mfalme, kwa hiyo ni mtumishi wa mfalme. Watu wanasema jina geni lakini sisi tunaoongea Kiswahili mizizi yote miwili tunayo mdomoni kila siku, tukisema ibada na kuabudu ni mzizi wa hiyo ebed, tukisema malkia, miliki, mamlaka ni mzizi wa melek, yametufikia kupitia Kiarabu ambacho na Kiebrania ni ndugu. Na kwenye Biblia ndugu zake wamejaa, Obedi babu yake mfalme Daudi, Obadia, Abednego, hao wa upande wa ebed, halafu Elimeleki mume wa Naomi, Abimeleki, Melkizedeki upande wa mfalme. Kuna wanaodhani meleki ni malaika, hapana, malaika ana mzizi mwingine kabisa.

Sasa kuna kitu kilinifurahisha sana. Jirani yetu ni Mrangi wa Kondoa, muislamu, anaitwa Abdulmaliki. Siku mke wangu anamtajia jina la mtoto akaguna kidogo akauliza maana, alivyoambiwa akasema basi huyu ni somo wangu, na toka siku hiyo hamwiti mtoto jina lingine zaidi ya "somo", Idi ikifika somo ana kanzu yake. Na kweli ni jina moja, tofauti ni kwamba kwa waislamu Al-Malik ni jina la Mungu, kwa hiyo Abdulmaliki ni mtumishi wa Mungu aliye Mfalme, wakati huyu wa kwenye Biblia alikuwa kwenye nyumba ya mfalme mtu, Sedekia wa Yuda. Kingine, Ebedmeleki aliishi Yerusalemu, na miaka zaidi ya 1,200 baadae khalifa Abdulmalik bin Marwan ndo akajenga Kuba ya Mwamba, ile yenye kuba la dhahabu, ilikamilika mwaka 691 au 692, mji ule ule. Mkikutana na mtu anasema jina la kikristo sana au la kiislamu sana mwambieni hayo.

Chimbuko lake ni Yeremia sura ya 38, na naomba mama mkwe asomewe yote taratibu, asiishie kwenye neno towashi. Wababeli wameuzingira mji wa Yerusalemu, njaa imeingia, mji wenyewe ukaja kuanguka mwaka 587 au 586 KK. Nabii Yeremia anasema ukweli ambao wakubwa hawataki kuusikia, wakamchukua wakamshusha kwa kamba kwenye shimo la maji la Malkiya, shimo halina maji ila tope, akazama kwenye tope aachwe afie humo. Mfalme mwenyewe aliwaogopa wale wakubwa akawaambia yupo mikononi mwenu. Mji mzima hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa mgeni mmoja, Mkushi. Kushi ni kule kusini mwa Misri, mto Nile, sehemu kubwa leo ni Sudani, yani mwafrika mweusi kabisa. Na ni kitabu hicho hicho cha Yeremia chenye ule mstari unaouliza kama Mkushi aweza kubadili ngozi yake, mstari ambao nimeusikia ukitumika vibaya mara nyingi, ila sura ya 38 wanairuka.

Ebedmeleki akamfuata mfalme akiwa ameketi langoni, mbele za watu, akamwambia hawa watu wametenda mabaya. Akapewa watu 30 wakamtoe. Kabla hajaenda shimoni akapitia chini ya hazina akachukua matambara na nguo kuukuu, akayashusha kwa kamba, akamwambia Yeremia weka hayo kwapani halafu kamba ipite chini yake.

Hapa lazima nimseme baba mkwe wangu. Mzee ni wa Mvumi, ujana wake wote kachimba visima, vile vya kwenye makorongo ambapo kiangazi mto ni mchanga mtupu na maji mnayafata chini. Yeye ndo alikuwa mpinzani mkubwa wa jina. Nikamsomea, nilivyofika kwenye matambara akaniambia rudia hapo. Nikarudia. Akasema huyo mtu alishawahi kutoa watu shimoni, maana kamba ya katani ikikaza kwapani na mtu kadhoofika na tope limemshika miguu, unamchana nyama, wengi wanakimbilia kuvuta tu. Akanionyesha alama yake mwenyewe upande wa ndani wa mkono wa kulia. Hakupinga tena. Kwangu hilo tambara ndo jina lenyewe, mtu ambaye katikati ya hatari anakumbuka kwamba huyu tunayemvuta ataumia kwapani. Baadae, sura ya 39, Ebedmeleki anaahidiwa kwamba mji ukianguka yeye atapona, kwa sababu alimtumaini Mungu.

Kuhusu utumwa, mzee mwingine wa ukoo alilisema kwa uchungu na nilimuelewa, maana misafara ya pembe na watumwa kwenda Bagamoyo ilipita hapa hapa Ugogo, na watu hawajasahau. Ni kweli ebed inaweza kuwa mtumwa. Lakini Biblia inamwita Musa hivyo hivyo, mtumishi wa Bwana, neno hilo hilo moja, na hakuna anayeliona tusi.

Na towashi, neno la Kiebrania ni saris, ambalo lilitumika pia kwa ofisa wa ikulu. Potifa aliyemnunua Yusufu ameitwa saris na alikuwa na mke, tena mke tunayemjua wote vituko vyake, kwenye Biblia yetu ya Kiswahili kaandikwa akida. Kwa hiyo Ebedmeleki anaweza kuwa alihasiwa na anaweza kuwa ni kiongozi tu wa ikulu. Wapo pia wasomi wanaosema Ebedmeleki lenyewe lilikuwa cheo zaidi kuliko jina, mimi halinisumbui, maana hata huku akina Jumbe na Akida walianza kama vyeo. Kwenye kitabu kinachoitwa Baruku wa Nne, ambacho Waorthodoksi wa Ethiopia wanakihesabu ndani ya Biblia yao, jina lake limekuwa Abimeleki, anatumwa kufuata tini, analala chini ya mti miaka 66 asione mji unavyobomolewa, anaamka tini bado mbichi.

Lipo kwa wingi? Hapana dada. Mkoa huu majina ya Biblia yamejaa toka wamisionari wa Kianglikana wa CMS walivyofika Mpwapwa miaka ya 1870 na Mvumi 1900, utakuta akina Hezekia, Yeremia, Yona, Danieli nyumba kwa nyumba, lakini Ebedmeleki mwingine mimi sijakutana naye na mchungaji aliyembatiza wetu alisema hajawahi kubatiza mwingine. Nadhani ni kwa sababu hadithi yake haifundishwi Sunday school. Ugumu wa kutamka uliisha wiki ya kwanza, bibi yake anamwita Meleki, wenzake Ebe, mwalimu analitamka lote.

Shida ya kweli ni makaratasi na hapo msilale. Kadi ya kwanza ya kliniki sisi walituandikia Abedi Meleki, yani majina mawili, na la kwanza sio lake, Abedi ni jina la watu wengine kabisa. Tangazo la kuzaliwa likafuata kadi, ikabidi turudishe kabla cheti hakijatoka. Andikeni neno moja bila nafasi wala kistari, EBEDMELEKI, kama lilivyo kwenye Biblia ya Union ya 1952, mkiliiga la Kiingereza lenye ch mwishoni kila karani ataandika lake. Mwandikieni kwa herufi kubwa kwenye karatasi kabisa mumpe mkononi, msilitaje kwa mdomo. Sajilini ndani ya zile siku 90, na akianza shule hakikisheni la shuleni limefanana na la cheti herufi kwa herufi, maana litakaloingia kwenye usajili wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi ndo litamfuata sekondari, na kubadilisha baadae ni viapo na wakili na hela. Kadi mkikabidhiwa someni hapo hapo dirishani kabla hamjaondoka.