Shule kando ya mto: kabla hamjajenga ukuta

Mwalimu mwenzangu uliyeuliza kama pesa walizochanga wazazi zijenge ukuta upande wa mto, nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe. Nimefundisha Kasese, magharibi mwa Uganda, karibu na mto Nyamwamba, zaidi ya miaka ishirini. Ukuta usiwe wa kwanza.

Nyamwamba unashuka kutoka milima ya Rwenzori, na ukifura hauleti maji peke yake. Unaleta magogo, na mawe makubwa kuliko meza ya mwalimu. Tarehe 1 Mei 2013 ulibeba nyumba na madaraja. Shuleni kwetu ukuta wa matofali ulilala chini, na nyuma yake tope likajaa stoo hadi usawa wa dirisha.

Stoo hiyo ndiyo iliyotuumiza. Rejista zote zilikuwa rafu ya chini. Tulipozichomoa, kurasa zilikuwa zimeshikana kama mkate uliolowa, wino umekimbia. Tukazianika juu ya mabati, hazikusomeka. Tulikaa siku nne chini ya mwembe tukiandika upya majina ya darasa la saba, maana kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, jina likikosewa, mtoto anahangaika nalo miaka. Kuna binti ambaye mama alilitaja jina lake hivi, shangazi vile, na kadi ya kliniki ilikuwa imekwenda na maji. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama pale analia, anasema, "Mwalimu, mimi ninajua jina langu." Tuliandika alivyosema yeye.

Tangu hapo rejista zinakaa kwenye sanduku la bati, ndani ya mfuko wa plastiki, juu kabisa, na kila muhula nakala moja inapelekwa kwa mjumbe wa kamati anayeishi mlimani. Haikutugharimu hata robo ya bei ya ukuta wa matofali. Mei 2020 mito ilifurika tena, safari hii pamoja na Mubuku na Nyamugasani, na hospitali ya Kilembe ikabomolewa. Watoto walikuwa nyumbani kwa sababu ya korona, namshukuru Mungu kwa hilo. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, tulipita nyumba kwa nyumba na nakala ile mkononi, tukiuliza kila jina: huyu yuko wapi? Wengine walikuwa wamehamia kambini, wengine mashambani, mabinti wengine wamezaa. Bila majina yale tusingejua nani wa kumtafuta.

La pili ni namna ya kutoka. Mvua kubwa ikipiga mabati, kengele haisikiki, hata mwalimu ukipiga kelele mtoto wa mbele hakusikii. Kwa hiyo msitegemee kengele. Kwetu wanafunzi wawili wa darasa la saba wanakimbia darasa hadi darasa, na kila mkubwa ana mdogo wake wa darasa la kwanza wa kumshika mkono. Jaribuni siku ya mvua yenyewe. Sisi tulijaribu siku ya jua tukajisifu, kisha siku ya mvua tukakuta njia ya kupandia kilimani inateleza kama sabuni. Ilibidi wazazi waje na majembe wachimbe ngazi. Na hao wadogo, kama darasa lao ndilo lililo karibu na mto, wahamisheni wiki hii.

Vyoo msivisahau. Shimo likifurika, madarasa yanaweza kuwa mazima na shule bado isifunguke, kwa hofu ya kipindupindu. Mkichimba vipya, chimbeni juu. Tena kaeni mapema na mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, mkubaliane waliopoteza nyumba watalala wapi. Watakuja shuleni, na ni haki yao kupokelewa, lakini ikijulikana tangu mwanzo ni vyumba vipi, vilivyobaki vinaendelea kufundishia.

Juu ya yote, tafuteni mtu anayeishi juu, upande mto unakotokea. Wa kwetu ni mzazi, mama muuza mboga. Anasema mto ukitaka kuja, mawe yanaanza kugongana chini ya maji, na harufu ya udongo mbichi inatangulia. Akisikia hivyo anampigia mkuu wa shule, na mkuu hasubiri ruhusa ya mtu yeyote kuwatoa watoto. Tunamwekea salio la simu kila mwanzo wa Machi na wa Septemba, kabla mvua hazijashika, na namba yake imeandikwa kwa rangi ukutani, ofisini na katika kila darasa.