Ukiwaonyesha Ndugu Picha Isiyo na Steringi

"Steringi nani hapa?" Swali hili huja kabla hata kahawa haijamiminwa. Kama nawe una kawaida ya kuwakusanya ndugu na majirani Jumamosi usiku, kama nifanyavyo hapa Tanga kwa projekta na shuka jeupe, unalijua vizuri. Kwenye picha za ngumi jibu ni jepesi. Kwenye picha ya mambo ya nyumbani, inayokwenda taratibu na kila mtu ndani yake ana haki kidogo na kosa kidogo, usijibu. Sema "tutamwona", kisha unyamaze.

Mimi huwaanzishia watu na A Separation ya Asghar Farhadi, picha ya Iran ya mwaka 2011. Ilichukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka huohuo, na mwaka uliofuata ikaipa Iran Oscar yake ya kwanza. Hayo usiyaseme mapema. Ukishamwambia mjomba kwamba picha ina tuzo, kila pakiwa kimya atauliza tuzo yenyewe ni ya nini.

Habari yake si ngeni kwetu. Simin anataka kuhama nchi pamoja na mumewe na binti yao, Termeh. Mumewe, Nader, hataki, kwa sababu baba yake mzee amepoteza kumbukumbu na hana wa kumwachia. Mke anarudi kwao. Nader anamwajiri dada wa kazi, Razieh, mjamzito, anayetoka mbali na kuja na mwanawe mdogo. Mara mzee anajikojolea, na Razieh, mtu wa dini sana, anapiga simu kuuliza kama ni dhambi kumbadilisha nguo. Hapo ndipo sebule yangu huamka. Wakubwa huanza kutoa fatwa kabla huyo wa kwenye simu hajajibu.

Malalamiko utakayopata ni ya namna mbili, na usiyachanganye. La kwanza, "inachosha", huja mapema, na mara nyingi si kosa la picha. Watu wana njaa, au maandishi ya chini ni madogo, au ni ya Kiingereza na nusu ya waliopo hawayafuati. Picha ina dakika 123, kwa hiyo ukianza saa nne usiku umejitakia. Anza watu wakishatoka Isha na kula. Mtafsiri awe mmoja, na atafsiri kilichosemwa, basi. Sisi tumelelewa na wafasiri wa vibandani, kina Lufufu kwetu na DJ Afro kwa Wakenya, mabingwa wa kujaza kila kimya kwa mbwembwe, na raha yake ilikuwa kubwa. Lakini hapa mtafsiri akitupia tu "huyo mwongo huyo", amekwisha kuhukumu kwa niaba ya wote. Binamu yangu ana kipaji hicho kupita kiasi, ndiyo maana nimempa kazi ya kugawa kahawa.

Patakapowaka moto ni mlangoni. Nader anarudi nyumbani na kumkuta baba yake sakafuni, mkono umefungwa kitandani, Razieh hayupo, na pesa zimepungua kwenye droo. Razieh anaporudi anaitwa mwizi. Hataki kuondoka bila ujira wake wa siku ile. Anasukumwa nje, anaanguka kwenye ngazi, mimba inatoka, na kesi inaanza. Usiku mmoja shangazi yangu alikuwa ameshakata hukumu: kaiba. Dada anayesaidia kazi kwa jirani, aliyekaa mkekani nyuma kabisa, akasema bila kutoa macho kwenye shuka, "Mwizi hadai mshahara mlangoni, shangazi. Mwizi anaondoka."

Shangazi akauliza, je, na kumfunga mzee wa watu kamba? Hilo nalo halikupata jibu.

Zile pesa, kwa kweli, tumeonyeshwa zilikokwenda. Mwanzoni kabisa Simin anabishana na wabeba mizigo walioshusha piano, na anachukua pesa droo ileile kuwalipa nyongeza. Watu wote huona na wote husahau. Usirudishe nyuma kuwaonyesha. Ngoja mmoja akumbuke mwenyewe, hata kama ni kesho yake kisimani, maana furaha yake itakuwa kubwa kuliko maelezo yako. Na kwa watazamaji Waislamu, ikifika pale pa kutakiwa kuapa kwa Msahafu, hata mtafsiri anyamaze.

Lalamiko la pili ni "haina mwisho". Termeh yuko mbele ya hakimu, anaulizwa atakaa na baba au na mama. Anasema ameshaamua. Wazazi wanatolewa nje, wanasubiri kwenye korido, mlango wa kioo katikati yao, na majina yanaanza kupita. Kijana mmoja aliniambia kwa huruma kabisa, "Braza, faili halijashuka lote." Lalamiko hili usilitibu. Usieleze, na hasa usiseme wewe unadhani binti kamchagua nani, kwa sababu ukishasema wewe mwenye projekta, mjadala umekufa. Uliza tu: mbona wote watatu wamevaa nyeusi? Huku kwetu nyeusi ni buibui la kila siku, kwa hiyo dalili hiyo ya msiba hutupita. Kisha mtu atamkumbuka mzee, na utasikia "aa!" ikizunguka chumba.

"Mmeipenda?" ni swali la kuwapa watu ruhusa ya kwenda kulala. Watasema ndiyo kwa adabu na kutafuta ndala zao. Mimi huuliza nani alidanganya kwanza, na kwa hilo tumewahi kuketi hadi kahawa ikaisha. Picha yenyewe inaanza mume na mke wakijieleza huku wanatutazama sisi, hakimu hata haonekani. Tumekalishwa kwenye kiti chake, kwa hiyo kelele za baadaye ni haki yetu.

Wapo ambao hawataipenda, na huna haja ya kuwabembeleza. Kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1960 watazamaji waliizomea L'Avventura ya Antonioni, ambamo mwanamke anapotea na hatuambiwi alikokwenda, ingawa tamasha hilohilo likaipa tuzo ya majaji. Mjomba akisinzia, mwache asinzie.

Wakikuomba nyingine, usikimbilie Still Walking ya Hirokazu Kore-eda, ya mwaka 2008, ingawa mimi naipenda zaidi. Ndugu wanakutana siku moja kumkumbuka kaka aliyekufa maji akimwokoa mtoto, wanapika, wanakula, wanasemana chinichini, na hakuna polisi wala kesi ya kuwashika watu. Hiyo waonyeshe wale tu waliokuja kukuuliza tena habari za Termeh.